Aliyeona Karata za Wawili

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba 2011 sikulala. Nilikuwa Uingereza wakati huo, nikisomea shahada ya uzamivu na kuishi nyumba moja na wanafunzi wengine watano. Mmoja wao alikuwa Mjerumani aliyesomea hisabati. Usiku ule alitukusanya sebuleni kutazama fainali ya mashindano makuu ya poka, World Series of Poker, kutoka Las Vegas. Kijana wa kwao, Pius Heinz, alikuwa miongoni mwa watatu waliosalia kati ya washiriki 6,865, katika mashindano ambayo kiingilio chake ni dola 10,000. Mwishowe Heinz alikuwa bingwa, na zaidi ya dola milioni 8.7 zilikuwa zake.

Sijawahi kucheza poka kwa fedha, wala sina nia ya kuanza. Kilichonikesha hakikuwa fedha zile. Ni kwamba wale waliokuwa mezani, ambao riziki yao ilitegemea kujua karata za wenzao, walikuwa hawazijui. Na sisi tuliokaa sebuleni na vikombe vya chai, tusio na hata senti moja katika kitita kile, tulizijua. Zaidi ya hapo, mwaka ule kulikuwa na jambo jipya. Miaka ya nyuma, watazamaji walionyeshwa karata za siri katika vipindi vilivyohaririwa, mchezo ukiwa umekwisha na mshindi amekwishapokea chake. Safari hii matangazo yalikuja karibu moja kwa moja, yakicheleweshwa kwa takriban dakika 15 tu. Karata za mkono uliokwisha robo saa iliyopita zilikuwa hadharani, huku watu walewale wakiwa bado wamekaa kwenye viti vilevile, wakiendelea kupambana.

Mwenzetu mmoja aliyesomea sheria aliuliza: "Ikiwa rafiki wa mchezaji amekaa ukumbini na simu yake mkononi, nini kinamzuia kumwambia kile ambacho sisi tumekiona sasa hivi?" Yule Mjerumani akajibu kwamba mkono ule umekwisha, karata zimekwisha kutupwa, hazina madhara tena. Wakabishana mpaka alfajiri. Mimi nilinyamaza, kwa sababu swali lile nilikuwa nimekwisha kulijibu nikiwa na umri wa miaka kumi, na jibu langu lilikuwa la aibu.

Nilikulia Tanga. Mtaani kwetu kulikuwa na baraza ambapo wazee walicheza karata kila jioni, wawili wawili, wakitazamana na wenza wao. Hapakuwa na fedha. Aliyeshindwa aliondoka tu kwenye mkeka na kupisha wengine, jambo ambalo kwa mtu mzima mbele ya majirani ni adhabu ya kutosha. Watoto tuliruhusiwa kusimama nyuma na kutazama. Tulizunguka tupendavyo: mara nyuma ya mjomba wangu, mara nyuma ya fundi cherehani aliyekuwa mpinzani wake wa miaka mingi. Kwa hiyo sisi tusiocheza ndio pekee tuliojua kila kitu.

Jioni moja mjomba alikuwa anakaribia kushindwa. Mimi nilikuwa nimetoka nyuma ya fundi, na nilijua kwamba fundi hana hata turufu moja. Nikasimama mbele ya mjomba, nikamkonyeza, nikatikisa kichwa kidogo. Alinielewa mara moja. Nilitarajia atabasamu. Badala yake alizifunika karata zake juu ya mkeka, akamwambia fundi: "Mkono huu umeharibika. Mmeshinda ninyi." Kisha akainuka, akampisha mwingine, akanishika mkono kunirudisha nyumbani. Njiani alisema sentensi moja tu: "Mwanangu, aliyeona karata za wawili hana mdomo."

Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila aliyesimama pale barazani aliijua. Ilikuwa na pande mbili, na zote zilikuwa na uzito. Upande wa kwanza ulikuwa wa ukarimu: mtazamaji hakufukuzwa, aliruhusiwa kuona vyote, kwa kuwa mchezo usiotazamwa hauna ladha. Upande wa pili ulikuwa wa wajibu: ukishaona, umekwisha kulipa kwa ulimi wako. Huwezi kuwa na jicho la wawili na mdomo wa mmoja.

Kwa msomaji asiyeijua poka, naomba nieleze kidogo. Katika aina ya mchezo unaochezwa kwenye fainali hizo, kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona yeye peke yake. Kisha karata tano hufunuliwa mezani hatua kwa hatua, za wote. Kila hatua ina dau. Mwenye karata nzuri huongeza dau. Mwenye karata mbovu naye aweza kuongeza, akijifanya anazo nzuri, ili wenzake waogope na kujitoa. Utamu wote wa mchezo umo katika kutojua. Na kuna kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha mjadala huu: kuiona karata ya mwenzako kuna bei. Ukitaka kujua kama anakudanganya, sharti ulipe dau lake. Ukiogopa na kutupa karata zako, yeye hukusanya kitita, na hana wajibu wowote wa kukuonyesha alikuwa na nini. Anaondoka na fedha, na siri yake inabaki mali yake.

Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. World Series of Poker ilianza mwaka 1970, na kamera za televisheni zilipofika ziliwaonyesha watu wenye miwani myeusi wakitazamana kimya. Mtazamaji hakuelewa kwa nini huyu amejitoa na yule amebaki. Aliyebadilisha hali hiyo ni Henry Orenstein, Myahudi aliyezaliwa Poland, akanusurika katika kambi za mateso za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu maarufu wa vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1995 alipata hataza ya meza yenye kamera zinazochungulia karata za kila mchezaji. Mwaka 1999 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilirusha kipindi cha Late Night Poker, ambamo kamera zilitazama kupitia kioo kilichowekwa mezani. Marekani ikafuata miaka michache baadaye. Siku hizi, katika matangazo mengi, karata zenyewe zina vijichipu vya kielektroniki vinavyosomwa na mtambo ulio chini ya kitambaa cha meza.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 2003, mhasibu kutoka Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mchujo wa bei ndogo kwenye intaneti, alibaki na mpinzani mmoja tu, Sam Farha, mchezaji mzoefu. Katika mkono mmoja, Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker hakuwa na chochote. Karata yake ya juu ilikuwa mfalme, hata jozi hakuipata. Akaweka chipu zake zote mezani. Farha alifikiri kwa muda, akajitoa. Anayetazama bila kujua karata huona mtu mmoja akitupa karata na mwingine akivuta kitita. Anayejua huona ujasiri na hofu vikipimana nguvu. Moneymaker alishinda dola milioni 2.5, na watu wa kawaida duniani wakaona kwamba hata wao wanaweza. Mwaka ule washiriki walikuwa 839. Mwaka uliofuata walifika 2,576. Mwaka 2006 walikuwa 8,773.

Kwa hiyo wanaotetea kufunuliwa kwa karata wana hoja nzito. Bila kamera ile, mchezo ungebaki wa wachache. Vitita vikubwa wanavyogombea wachezaji wa leo vimejengwa na macho ya watazamaji. Mtu hawezi kula matunda ya mti na kuulaani mzizi. Tena anayeketi kwenye meza ya kamera anajua anakoketi.

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi kwa watu kama sisi tunaohubiri uwajibikaji. Karata zikionekana, umma waweza kukagua. Mwaka 2019, katika nyumba moja ya karata huko California iliyokuwa ikirusha michezo yake mtandaoni, mchezaji mmoja alishukiwa kuwa anazijua karata za wenzake kupitia mtambo uleule wa matangazo. Alikana, na kesi iliyofunguliwa iliisha mwaka uliofuata bila mahakama kumtia hatiani. Simhukumu. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: waliomshuku walijenga hoja zao kwa kurudia kutazama kanda zilezile zilizoonyesha karata. Kamera iliyodhaniwa kuwa mlango wa mwizi ndiyo iliyokuwa tochi ya mlinzi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata yaweza kuwa shahidi, na yaweza pia kuwa mshirika.

Hata hivyo, hoja hizo zote hazimjibu yule mwenzetu wa sheria. Yeye hakuuliza kama karata zionyeshwe. Aliuliza zionyeshwe lini.

Yule Mjerumani aliposema mkono umekwisha, alisema kweli nusu. Mkono ulikuwa umekwisha. Mchezo haukuwa umekwisha. Karata zilizotupwa hazina nguvu tena, lakini zinaeleza tabia ya aliyezitupa. Ukijua kwamba mtu aliyekutisha robo saa iliyopita hakuwa na kitu, utamsoma tofauti atakapokutisha tena. Umepata bure kile ambacho kwa kanuni ya mchezo ulipaswa kukilipia, na ulikwisha kukikwepa kwa woga wako. Aliyekutisha amenyang'anywa mali yake bila kulipwa. Na si kila mtu ananyang'anywa sawa. Katika mashindano ya maelfu ya watu, meza zenye kamera ni chache, na waandaaji ndio wanaochagua nani aketi hapo. Anayewekwa mbele ya kamera siku ya tatu siri zake zinaenea. Anayecheza kwenye kona ya ukumbi hubaki na zake. Kesho wakikutana meza moja, mmoja amekwisha kusomwa kama gazeti, mwingine ni barua iliyofungwa.

Tena kuna suala la nani ana watu wa kumtazamia. Tajiri wa marafiki huwa na wenzake wanaokaa pembeni, wanaofuatilia, wanaochambua na kumnong'oneza wakati wa mapumziko. Mwaka 2024, washiriki wakiwa 10,112 na bingwa akipata dola milioni 10, mjadala mkali ulizuka kwa sababu marafiki wa mchezaji aliyekuja kuwa bingwa walionekana pembeni ya meza ya fainali wakiwa na kompyuta mpakato. Wapo waliosema hakuna kanuni iliyovunjwa. Yawezekana. Lakini swali la haki haliishi pale kanuni inaponyamaza. Aliyekuja peke yake alikuwa anacheza na mtu mmoja au na kundi?

Kuchelewesha matangazo, iwe kwa dakika 15, nusu saa au saa nzima, ni jaribio la kutengeneza kwa mashine ule ukimya ambao barazani kwetu ulitunzwa kwa adabu. Mamilioni ya watu hawawezi kuapishwa wasiseme. Basi wanaonyeshwa wakiwa wamechelewa, ili hata wakisema, wawe wamesema jambo lililopitwa. Wazo ni zuri. Kasoro yake ni kudhani kwamba siri ikikaa nusu saa imekufa. Siri hufa pale tu isipoweza tena kumdhuru mwenyewe.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: mwalimu, kamari ya Wamarekani inatuhusu nini, nasi tuna shida zetu? Ningependa kumjibu kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache baada ya kurudi nyumbani, nilikuwa nikifundisha somo ambalo sehemu kubwa ya alama zake ilitokana na mtihani wa mdomo. Darasa lilikuwa kubwa, hivyo niligawa mtihani kwa siku mbili. Nilikuwa nimerudi na kichwa kilichojaa maneno ya uwazi. Nilichukia mitihani ya chumba kilichofungwa, ambamo mwanafunzi na mwalimu hubaki wawili na hakuna anayejua kilichotokea. Nikatangaza kwamba mtihani utafanyika hadharani: yeyote aje, akae, asikilize maswali, majibu na alama. Wanafunzi walipiga makofi. Nami nilijiona mwanamageuzi.

Siku ya pili ilikwenda vizuri ajabu. Majibu yalinyooka, mifano ilipangwa, hata udhaifu ambao huwa napenda kuuchokonoa ulikuwa umezibwa. Nilirudi ofisini nikiwa na furaha. Jioni mwanafunzi mmoja wa kike alibisha hodi. Alikuwa ametahiniwa siku ya kwanza, miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Aliamkia, akasimama kidogo, akasema kwa upole: "Daktari, sikuja kulalamikia alama zangu. Nimekuja kusema tu kwamba sisi wa jana tulikuwa kitabu cha wenzetu wa leo."

Sikuwa na jibu. Nilitazama orodha ya alama iliyokuwa mezani, nikaona kile nilichopaswa kukiona mapema. Maswali yangu yalikuwa yakizunguka mambo yaleyale. Wa siku ya kwanza walikuwa wamefunua karata zao mbele ya wapinzani ambao zamu yao ilikuwa haijafika. Nilikuwa nimeufungua mlango, na nikauita mlango ule haki, kumbe ulikuwa haki kwa waliochelewa kuitwa tu, na aliyeamua nani aitwe lini nilikuwa mimi, kwa kufuata alfabeti. Binti yule alikuwa anahitaji daraja fulani ili asipoteze ufadhili wake. Jina lake kuanza na herufi ya mwanzo kungeweza kumgharimu masomo.

Niliomba idhini ya idara, nikawaeleza wanafunzi wote kosa langu, tukarudia mtihani. Wa siku ya pili walininunia muhula mzima, na sikuwalaumu. Wao hawakuiba kitu, waliketi tu pale nilipowaruhusu kuketi. Tangu hapo mtihani wangu wa mdomo bado ni wa hadharani. Lakini kila mwanafunzi huokota swali lake kwenye kikapu, anayesubiri zamu haingii ukumbini, na alama hubandikwa wa mwisho akishamaliza. Baada ya hapo kila kitu hufunuliwa: maswali, vigezo, alama, na sababu zake.

Hilo ndilo nililotaka kulisema kwa watumishi wa umma na wanaharakati wanaonisoma. Tumezoea kubishana kana kwamba kuna kambi mbili, ya uwazi na ya siri, na kila mmoja sharti achague. Lakini taratibu zetu bora zinajua kwamba haki huvihitaji vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake. Bahasha ya zabuni hufungwa kwa lakiri mpaka saa iliyotangazwa, kisha hufunguliwa mbele ya wazabuni wote na bei kusomwa kwa sauti. Kura hupigwa mtu akiwa peke yake, kisha huhesabiwa mbele ya mawakala. Anayefungua bahasha moja usiku wa kuamkia siku hiyo ameua haki. Anayekataa kuzisoma bei baada ya saa kufika naye ameiua haki, kwa kisu kingine.

Huyu wa pili ndiye tunayekutana naye mara nyingi zaidi. Ofisi nyingi zimejifunza neno "siri" na kusahau kwamba siri ina tarehe ya mwisho. Mchezo umekwisha, fedha zimekwisha kulipwa, wahusika wamekwisha kuondoka, lakini karata bado zimefunikwa. Hapo hakuna mchezaji anayelindwa. Analindwa mwenye meza. Nami nawaambia wanaharakati vijana wanaotaka kila kikao kirushwe moja kwa moja, kila jina na kila ushahidi vianikwe leo hii: ulizeni kwanza nani bado yuko mezani. Yawezekana mnayemfunua ni mnyonge ambaye zamu yake ya kucheza haijafika.

Kama ningeulizwa leo kuhusu usiku ule wa 2011, ningesema: onyesheni karata zote, msifiche hata moja, ila mchezaji wa mwisho akishainuka kwenye kiti. Waandaaji watanijibu kwamba mtazamaji hawezi kungoja, kwa kuwa watangazaji wanalipia pale palipo na macho. Ni kweli, na ndiyo sababu ubishi huu hautaisha. Lakini anayelipwa kwa sababu ya macho yangu asiniambie kwamba haki ya mchezaji imezingatiwa. Aseme ameipima dhidi ya fedha, na fedha imekuwa nzito kidogo. Huo nao ungekuwa uwazi.

Mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza kwa nini jioni ile hakuendelea kucheza, akijifanya hakuniona. Fundi asingejua kamwe. Alicheka, akasema: "Fundi asingejua. Lakini wewe ungejua, na ungekua ukidhani karata huchezwa hivyo."